Jivu Lifichalo Kaa: Wajibu wa Zimamoto Baada ya Moto

Wahenga walinena kuwa moto huzaa jivu. Walakini, jivu nalo huficha kaa, na kaa moja laweza kuwasha moto upya. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti huduma za zimamoto. Jijini Eldoret, basi, mwenye dhima ni Kaunti ya Uasin Gishu. Miali izimikapo, wazimamoto hupekua vifusi, huyamwagia maji makaa yaliyofukiwa, huhakikisha umeme umekatwa, na huzungusha utepe kuzuia watu kuzikaribia kuta zilizopasuka. Mchuuzi anayekimbilia masalio ya kibanda chake aelewe kuwa utepe ule haumnyimi mali, bali unamlindia uhai. Mali hutafutwa, roho haitafutwi.