Betri za Lithiamu: Silaha Nyingine Inayohitaji Matunzo

Katika usiku wa giza, mwezi usipoonekana, Ziwa Mweru hung'aa kana kwamba mji umeota juu ya maji. Hizo ni taa za kuvulia dagaa, ambao wenyeji wa Nchelenge huwaita chisense. Kuanzia Chisenga, kisiwa kilichoko kusini ambako Mto Luapula huingia ziwani, hadi ng'ambo ya Kongo kwenye Kilwa na Pweto, kazi hiyo hutegemea mwanga, kwani dagaa huufuata mwanga na kuingia wavuni. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa. Siku hizi karabai inazidi kuipisha taa ya betri, na betri yenyewe aghalabu ni ya lithiamu.

Betri hizo ni ndugu wa zile zilizomo katika redio za upepo, tochi na simu ambazo askari huenda nazo doria. Tumeuchagua mwambao huu kuwa mfano kwa sababu askari alindaye maji ya mpaka wa namna hii hana fundi wala duka la karibu. Betri ikimfia, hana sauti ya kuwaita wenzake. Ikimwakia chomboni, hana pa kukimbilia.

Adui wa kwanza ni mazoea. Askari wakongwe walifunzwa kutumia redio zenye betri za nikeli na kadimiamu, na waliambiwa wazitumie mpaka ziishe kabisa ndipo wazichaji. Kwa betri zile agizo hilo lilikuwa na maana yake. Betri ya lithiamu, ambayo ilianza kuuzwa madukani mwaka 1991, haina tabia hiyo, na kuimaliza kila siku ni kuifupishia maisha. Yafaa ichajiwe ingali na robo au theluthi ya nguvu zake, na si lazima kila mara ijazwe hadi ukingoni. Ikishushwa mno, shaba iliyomo ndani yaweza kuanza kuyeyuka. Na siku itakapochajiwa tena, shaba hiyo yaweza kuunganisha pande mbili zisizopasa kukutana. Ndiyo maana betri iliyokaa miezi mingi ikiwa tupu haifai "kufufuliwa" kwa nyaya za mkato, ingawa mafundi wa vibandani husifiwa sana kwa ustadi huo.

Adui wa pili ni mbaya zaidi, nalo ni jina la "volti 12". Betri ya gari, ya risasi na asidi (risasi hapa ni madini, si ile iliyomo bundukini), huchajiwa kwa volti 14.4 hivi. Sasa tuangalie betri mbili za lithiamu ambazo zote huuzwa kwa jina hilo hilo la 12. Moja ina seli nne za lithiamu na fosfati ya chuma, na kujaa kwake ni volti 14.6. Nyingine ina seli tatu za aina iliyomo katika simu. Kila seli hujaa kwa volti 4.2, hivyo jumla yake ni 12.6 tu. Mtu akiifunga hii ya pili kwenye chaja ya gari, kila seli itasukumwa kuelekea volti 4.8. Hapo kinachobaki kati ya askari na moto ni kile kisaketi cha ulinzi kilichofichwa ndani ya betri, na katika betri za bei rahisi wakati mwingine hakimo kabisa. Paneli ya jua ya "volti 12" iliyofungwa moja kwa moja bila kidhibiti ni hatari zaidi, kwani katika jua kali, isipokuwa na mzigo, hufikia volti 21 au 22. Basi hapana budi kusoma maandishi ya betri na ya chaja yote mawili, na pasipo maandishi, kutochaji.

Joto nalo halisamehe. Paneli hupenda jua, lakini betri hulichukia. Ichajiwe kivulini, na isichajiwe ikiwa imepita nyuzi 45 za sentigredi. Betri iliyovimba, iliyopondwa au iliyoingiwa na maji ya ziwa isichajiwe tena. Kadhalika isichajiwe chini ya kitanda wala kando ya mapipa ya petroli, na mlinzi wa zamu awe macho.

Moto wake si wa kufanyiwa mzaha. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai. Moto ulizuka katika shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, moshi ukajaa katika chumba cha marubani, ndege ikaanguka na wote wawili wakafa. Betri ikiwaka, watu waondoke upande unakokwenda moshi, kwa kuwa una sumu. Maji mengi ndiyo dawa, kwani hupoza. Mchanga huzuia cheche lakini haupozi. Hata ikizimika iachwe mbali na nyumba, kwa maana yaweza kuwaka upya baada ya saa nyingi.

Zambia kwa kawaida hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na taa nyingi hupumzika. Betri ya kuwekwa hivyo, na ile ya akiba katika ghala la kikosi, isiwekwe tupu wala ikiwa imejaa. Nusu ya nguvu yatosha, mahali pakavu na baridi, nayo ikaguliwe kila mwezi au miwili.

Iliyokufa izibwe ncha zake kwa utepe na irudishwe kwa mtunza ghala. Isitupwe ziwani wala katika shimo la kuchomea takataka. Si ajabu kobalti iliyomo ilichimbwa ng'ambo ile ile ya Katanga, nayo yaweza kutumika tena.