Spea za Usukani Zisizooana: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kufunga

Magari mengi yanayobeba abiria, maziwa na mazao katika kaunti yetu ni ya zamani. Pampu ya pawa stelingi inapoharibika, spea ya modeli hiyo huwa adimu au bei yake iko juu. Hapo ndipo mwenye gari huambiwa: "Hii ni ya gari lingine, lakini itaingia." Mara nyingi huingia kweli. Hata hivyo, kuingia si kuoana.

Jinsi mtambo unavyofanya kazi

Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Pampu husukuma oili kwa shinikizo kubwa kupitia hozi hadi kwenye reki au boksi ya stelingi. Humo, valvu huelekeza oili upande ambao dereva anakata kona, na oili hiyo husaidia kusukuma magurudumu. Kisha hurudi kwenye mkebe wake kupitia hozi ya pili.

Msaada huo ukikatika, magurudumu bado yanageuka, lakini kwa nguvu za mikono pekee. Dereva wa matatu ya abiria 14 anayeshtukia uzito huo katikati ya kona hana muda wa kujipanga.

Mambo matano yanayokosana

1. Shinikizo na wingi wa oili. Kila pampu imetengenezwa kulingana na reki yake. Pampu dhaifu huacha usukani mzito wakati wa kuegesha. Inayosukuma oili nyingi mno hufanya usukani kuwa mwepesi kupita kiasi, na gari huyumba likiwa kwenye kasi. Shinikizo likizidi uwezo wa reki, siili hupasuka.

2. Puli na mkanda. Puli ndogo huzungusha pampu haraka kuliko inavyotakiwa. Puli isiyokaa mstari mmoja na nyingine hula mkanda. Katika baadhi ya magari mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, kwa hivyo ukikatika injini nayo huchemka. Pia hakikisha pampu inazunguka upande iliotengenezewa.

3. Hozi na nati zake. Nati mbili zinaweza kuwa na upana sawa lakini nyuzi tofauti. Zikilazimishwa kwa spana, nyuzi huharibika na oili huvuja. Upande wa shinikizo usifungwe hozi ya kawaida kwa klipu, kwani inaweza kuchomoka. Oili ikimwagikia ekzosi yenye joto, inaweza kuwaka moto.

4. Aina ya oili. Kuna magari yanayotumia oili ya giaboksi ya otomatiki, na mengine, kama Honda, huhitaji oili yake maalum. Soma kifuniko cha mkebe au kitabu cha gari. Kamwe usiweke oili ya breki, kwani huharibu siili.

5. Reki, boksi na mikono yake. Reki iliyoundwa kukaa mbele ya ekseli ikifungwa nyuma yake, gari linaweza kwenda kushoto dereva akikata kulia. Meno ya shafti na ya mkono wa boksi lazima yashikane kikamilifu. Sehemu yoyote ya stelingi isichomelewe ili itoshe.

Kabla ya kulipa

Peleka spea ya zamani dukani ilinganishwe na mpya: namba, puli, matundu ya boliti na midomo ya hozi. Kama pampu yenyewe ndiyo tofauti, muulize fundi kama shinikizo lake linalingana na reki yako. Akisema "tutajaribu tuone", tafuta maoni ya fundi mwingine. Omba risiti inayotaja spea uliyouziwa.

Baada ya kufunga, magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari liwekewe vigingi. Injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho mara kadhaa ili hewa itoke, huku oili ikiongezwa. Mvumo au povu kwenye mkebe ni dalili kwamba hewa bado imo. Ukikagua uvujaji injini ikinguruma, tumia kipande cha katoni, si mkono. Oili yenye shinikizo inaweza kupenya ngozi. Jaribu gari mahali pasipo na watu kabla ya kuingia barabarani.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka sehemu zote za gari zitunzwe zisihatarishe abiria wala watumiaji wengine wa barabara. Usukani pia hukaguliwa gari linapopelekwa kwa ukaguzi wa NTSA.

Mwenye gari, ukisikia usukani umebadilika ghafla, ukawa mzito, mwepesi mno au wenye kelele, usisubiri safari iishe. Simama mahali salama, shusha abiria, kisha umwite fundi.