Boksi la CD za Kwaya Linahitaji Diski ya Ukubwa Gani?



Njia iliyozoeleka ya kutoka Mwamgongo kuja Kigoma mjini ni ya ziwani: unapanda boti, unapita mwambao wa Hifadhi ya Gombe, unashukia Kibirizi. Ndiyo njia lililopitia boksi la kwaya lililotufikia likiwa limefungwa kwenye nailoni. Ndani yake mlikuwa na CD 40 za nyimbo na DVD 60 za misa, komunyo ya kwanza, ndoa na mazishi. Wanakwaya waliomba zote zihamishiwe mahali pamoja kabla hazijaharibika. Katika CD mojawapo mlikuwa na sauti ya mwalimu wao wa kwaya, ambaye sasa ni marehemu, na nakala nyingine haipo.

Mchango wao ulikuwa mdogo, hivyo hatukuwa na nafasi ya kukosea katika kununua. Mmoja wetu alisema flashi ya GB 64 ingetosha. Tulipokaa kuhesabu, tukaona isingefika hata robo. Tunaieleza hesabu hiyo hapa kwa sababu vigango vingi vina boksi kama hili.

Vipimo

Baiti ni kipimo kidogo. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja. Baiti 1,000 ni kilobaiti (KB), kilobaiti 1,000 ni megabaiti (MB), megabaiti 1,000 ni gigabaiti (GB), na gigabaiti 1,000 ni terabaiti (TB).

Utata unaanzia hapa. Watengenezaji wa flashi na diski huhesabu kwa 1,000, lakini kompyuta za Windows huhesabu kwa 1,024 na bado huandika "GB". Mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ilitoa majina mapya kwa hesabu ya 1,024, yaani kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, ila madukani hayasikiki. Ndiyo maana diski iliyoandikwa GB 500 huonekana kwenye kompyuta kama GB 465, na ya TB 1 kama GB 931. Hujaibiwa, ni urefu uleule uliopimwa kwa rula mbili.

CD na DVD

CD iliyoandikwa MB 700 imehesabiwa kwa 1,024. Kwa hesabu ya 1,000 ni kama MB 737. DVD ya kawaida iliyoandikwa GB 4.7 imehesabiwa kwa 1,000, na Windows huionyesha kama GB 4.38. Ile ya tabaka mbili ni GB 8.5.

CD ya nyimbo ina jambo lake. Kila sekunde ya muziki huchukua baiti 176,400, hivyo dakika 80 ni takribani MB 847. Inazidi MB 737 kwa sababu CD ya mafaili hutenga sehemu ya nafasi yake kwa kupanga na kulinda data, na CD ya muziki hutumia nafasi hiyo kwa sauti.

Hesabu ya boksi

Tulichukulia kwamba kila moja imejaa kabisa:

- CD 40 × GB 0.85 = GB 34
- DVD 60 × GB 4.7 = GB 282
- Jumla = GB 316

Flashi ya GB 64 ingebeba DVD 13 tu. Diski ya nje ya GB 500 inabeba boksi zima na nafasi inabaki. Tulinunua mbili: moja imerudi Mwamgongo, nyingine tumebaki nayo hapa. Nakala moja ikianguka ziwani, kazi yote imekwenda nayo.

Wengine watauliza, kwa nini tusigeuze nyimbo ziwe MP3? Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, CD nzima ya dakika 80 hushuka hadi kama MB 77. Hiyo inafaa kutumiana kwenye simu, lakini sehemu ya sauti hutupwa na hairudi. Hifadhini kwanza nakala kamili, kisha mtengeneze MP3 kutoka humo. Kwa DVD za video, nakilini folda nzima ya VIDEO_TS, si faili moja moja.

Msisubiri

CD na DVD za kuchoma hutunza data katika tabaka la rangi, nalo huharibiwa na joto, mwanga na unyevu. Katika boksi letu, tatu hazikusomeka kabisa. Ile ya mwalimu ilikataa kwenye kompyuta mbili, ikakubali kwenye ya tatu. Nyimbo tisa zimepatikana. Wa kumi, wa mwisho, umepotea.

Kama kigango chenu kina boksi la namna hii, lifungueni wiki hii, mhesabu CD na DVD, mzidishe, ndipo mwende dukani.