Kunusurika na Kupona: Kwa Manusura wa Ajali za Barabarani

Mtu akitoka hai katika basi lililopinduka, husemwa papo hapo kuwa “amepona”. Neno hilo hilo humhusu aliyemaliza matibabu. Katika kushughulikia malalamiko ya bima tumeona jinsi mkanganyiko huu unavyowagharimu wananchi: aliyenusurika asubuhi huhesabiwa kuwa amepona jioni, naye mwenyewe huona haya kusema kwamba bado.

Manusura ni mtu ambaye kwake ajali imekwisha, lakini athari zake hazijaisha. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei, hofu haionekani. Katika majuma ya kwanza wengi hushtushwa na mlio wa breki, huota ajali ile ile, huiepuka stendi, au hujiuliza kwa nini abiria wa kiti cha jirani alifariki na wao wakabaki. Hayo ni ya kawaida, na kwa walio wengi hupungua taratibu. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au yakimzuia mtu kulala, kufanya kazi ama kusafiri, amwone daktari, kwani hali hiyo inatibika. Kuambiwa “mshukuru Mungu” ni faraja njema, na kushukuru tunashukuru sote, ila si tiba.

Kwa nini Mamlaka inayosimamia bima izungumzie usingizi wa abiria? Kwa sababu ya saini. Hapa Tanzania, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine wanaoumizwa na gari hilo, wakiwemo abiria wa basi. Kampuni ya bima inapolipa, humtaka mdai asaini hati kwamba amepokea fedha na hana dai jingine. Ukishasaini, ni vigumu sana kurudi na kueleza kuwa hulali. Hatumlaumu anayetaka fedha mapema, hasa mwenye ada za shule zinazomsubiri. Tunamsihi tu asipokee malipo ya mwisho kabla daktari hajaeleza kwa maandishi hali ya mwili na ya akili, pamoja na muda wa matibabu unaotarajiwa.

Tunza tiketi, namba ya usajili ya basi, nakala ya fomu ya Polisi PF3 na stakabadhi zote za matibabu. Hofu nayo ieleze kwa daktari mapema ili iandikwe kwenye faili, kwa maana lisiloandikwa ni gumu kulithibitisha. Anayekufuata wodini akiahidi kukufuatilia dai kwa mgao wa fedha, usimkabidhi nyaraka halisi. Lalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni ya bima, kwa maandishi. Usiporidhika lilete kwetu, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na hati ya malipo ukiletewa kitandani, usiisaini hapo hapo: omba nakala, uisome na mtu unayemwamini, kisha umjibu aliyeileta siku nyingine.