Mkataba wa Barabara Nao Unahitaji Msimamizi

Juma hili napenda tuzungumzie mikataba ya barabara za vijijini zinazojengwa kwa mikopo kutoka nje. Sisi wananchi hushangilia siku ya kutia saini na siku ya kukata utepe. Kazi ngumu iko kati ya siku hizo mbili, nayo ndiyo usimamizi wa mkataba.

Katika miradi hiyo yupo mwajiri, yaani Serikali kupitia wakala wake wa barabara. Yupo mkandarasi, ambaye hujenga. Yupo pia mhandisi mshauri, anayelipwa na mwajiri ili apime kazi na kuidhinisha malipo. Mkopeshaji, kama Benki ya Dunia, hatii saini mkataba wa ujenzi. Yeye hutoa fedha kwa masharti. Wanakijiji hawamo katika saini hizo, ingawa barabara ni yao na deni ni lao.

Mikataba mingi ya kimataifa hufuata kanuni za FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoanzishwa mwaka 1913. Kwa toleo la mwaka 1999, mhandisi akishapokea madai ya malipo pamoja na vielelezo vyake, mwajiri ana siku 56 za kulipa. Akichelewa, riba huanza kuhesabiwa, na mkandarasi aweza kusimamisha kazi baada ya kutoa taarifa ya siku 21. Vivyo hivyo, kama eneo la kazi halijakabidhiwa kwa sababu wenye mashamba hawajapata fidia, mkandarasi hudai nyongeza ya muda na gharama. Greda limelala, lakini deni linatembea.

Mkandarasi naye akivurunda, mwajiri anazo nyenzo: dhamana ya benki, tozo ya kila siku ya ucheleweshaji, hata kuvunja mkataba. Lakini nyenzo hizo hazifai kitu bila barua, vipimo na kumbukumbu za kila siku za kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mkataba si changarawe na lami tu. Majirani zetu wa Uganda walijifunza hilo kwa uchungu. Barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, yenye urefu wa kilometa 66, ilikuwa ikijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wakazi walilalamikia vumbi, mwendo wa kasi wa malori na ardhi yao. Baya kuliko yote, wafanyakazi wa mradi walishutumiwa kuwaharibu wasichana wadogo, wakiwamo wanafunzi. Desemba 2014 wakazi walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Desemba 2015 Benki ikafuta mradi, na Serikali ya Uganda ikalazimika kumalizia barabara kwa fedha zake.

Masharti ya kulinda watu yalikuwamo katika makaratasi ya mradi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasimamia. Jopo halikuisaza hata Benki yenyewe: lilibaini kuwa haikutimiza taratibu zake za usimamizi.

Maoni yangu ni kwamba mkataba usiwe siri ya ofisini. Kabla greda la kwanza halijashushwa, mkutano wa kijiji uelezwe mambo manne: nani mkandarasi na nani msimamizi wake, kazi itakwisha lini, fidia italipwa lini, na malalamiko yanapelekwa kwa nani. Majibu hayo yaandikwe na kubandikwa katika ofisi ya kijiji, kila mtu ayasome.

Mhandisi hutembelea barabara na kuondoka, lakini mwanakijiji huamka nayo na kulala nayo. Ule msichana wa shule aliyeharibiwa hawezi kurejeshewa kitu kwa kufutwa kwa mkopo. Alihitaji msimamizi aliyekuwa macho tangu siku ya kwanza.