Saa ya Marehemu Baba

Wako wasemao kwamba kuvaa saa ya thamani ni fahari tupu. Mimi husema yategemea imetoka mkono wa nani. Yangu ni Omega Seamaster, aina iliyoanza kuuzwa 1948. Ni ya chuma kisichoshika kutu. Dhahabu baba hakuitaka, kwani ni haramu kwa mwanamume.

Alipofariki, iliingia katika mirathi sawa na nyumba na minazi. Fundi wa saa akaitia bei. Mama alikuwa na thumuni yake, na dada zangu mafungu yao. Nikatoa akiba yangu ya kuezekea paa, nikamlipa kila mmoja haki yake. Jirani zangu walishangaa: pesa zote hizo kwa saa kuukuu!

Lakini saa hii haina betri. Ndani mna kipande cha chuma kizungukacho mkono unapotikisika, kikaikaza kamani. Ukiivua siku mbili tatu, husimama. Miaka mingi ilikwenda kwa mkono wa baba. Sasa yaenda kwa wangu. Paa litangoja. Mwenyezi Mungu amrehemu.