Tumbawe la Malindi lafichua siri ya udongo uliopotea bara

MGENI anayezuru Malindi baada ya mvua za vuli akitarajia bahari ya samawati huenda akashangaa kukuta mawimbi yenye rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji hawashangai. Wanajua kuwa Mto Sabaki umefurika, na pepo za kaskazi zinayasukuma maji yake kuelekea kusini, hadi ufuoni mwa mji.

Wasilolijua wengi ni kwamba tope hilo lina historia iliyohifadhiwa mwaka baada ya mwaka, kwa takriban karne tatu. Iliyohifadhi historia hiyo si ofisi ya serikali wala maktaba. Ni tumbawe.

Sabaki ni jina la mwisho la mto mrefu. Huanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi na Kiambu, ukapita Ukambani, ukakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukamwaga maji yake katika Bahari Hindi kilomita chache kaskazini mwa Malindi. Ndio mto wa pili kwa urefu nchini, baada ya Tana. Kwa hivyo tone la mvua linalobeba chembe ya udongo kutoka shambani Machakos laweza kuishia kwenye mashua ya mvuvi wa Mambrui.

Ili kuelewa jinsi tumbawe linavyoweza kutunza kumbukumbu, yafaa kwanza tutazame yanayotokea mlangoni mwa mto, pale maji baridi yanapokutana na maji ya chumvi.

Chembe laini za udongo wa mfinyanzi zikiwa mtoni hazishikamani, kwa kuwa zote zina chaji ya umeme ya aina moja na husukumana. Zikifika kwenye chumvi, nguvu hiyo ya kusukumana hupungua. Chembe huanza kugandana, zikawa nzito na kuzama. Hii ndiyo sababu milango ya mito huwa na matope mengi, na ndiyo sababu mikoko, kamba na ndege kama heroe hupata riziki hapo.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Chembe za udongo hubeba madini ya bariamu yaliyojishikiza juu yake. Chumvi ya bahari huibandua bariamu hiyo, nayo huyeyuka na kusafiri na maji hadi kwenye miamba ya matumbawe.

Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaojenga makazi yao kwa kutumia kalsiamu iliyomo baharini. Bariamu inakaribiana na kalsiamu kwa tabia zake za kikemia, hivyo kiasi fulani chake huingia katika mjengo huo wa chokaa. Mto ukileta udongo mwingi, bariamu katika tumbawe huongezeka. Ukileta kidogo, hupungua.

Matumbawe makubwa ya jamii ya Porites hukua kwa takriban sentimita moja au zaidi kidogo kila mwaka, na kuacha tabaka zinazoonekana kwa eksirei, mithili ya pete za shina la mti. Mtafiti hutoboa tumbawe na kutoa kipande chembamba kirefu, akahesabu tabaka na kupima madini yaliyomo kwa miale ya leza. Ndivyo anavyoujua mwaka na kiasi cha tope lililofika mwaka huo.

Kazi kama hiyo ilifanywa kwenye tumbawe la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ambayo ilianzishwa mwaka 1968. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 na Dominik Fleitmann pamoja na wenzake katika jarida la Geophysical Research Letters.

Waligundua kuwa kuanzia mwaka 1700 hadi 1900 kiasi cha udongo kilichofika baharini hakikubadilika sana. Mvua zilinyesha, ukame ulikuja na kupita, lakini ardhi ilibaki mahali pake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalianza kugeuka na udongo ukazidi kupanda. Kilele kilifikiwa kati ya mwaka 1974 na 1980, wakati tope lilipokuwa mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Watafiti hao walikihusisha kilele hicho na mambo kadhaa yaliyokutana: ongezeko la haraka la watu, matumizi ya ardhi yasiyo na mpango, ukataji misitu na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ukame huua nyasi, na mvua inaporejea hukuta ardhi iko uchi.

Tumbawe linatuambia ni lini, lakini halituambii ni nani. Swali hilo la pili lina uchungu wake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba mifugo kwa madai kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiharibu ardhi, na Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kudai haki yao. Madai hayo yalinyamazia jambo moja: watu hao walikuwa wamebanwa katika maeneo ya akiba baada ya ardhi nyingine kutwaliwa na walowezi.

Madhara yanawafikia watu ambao hawakulima shamba hilo. Maji yakichafuka, mwanga haupenyi, na miani midogo inayoishi ndani ya tumbawe na kulilisha hushindwa kufanya kazi. Tope likitua hulifunika. Matumbawe ya Malindi yaliumia vibaya mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali baada ya El Nino, na tumbawe lililodhoofishwa na tope huwa na kazi ngumu zaidi ya kujifufua. Palipo na tumbawe lililokufa, samaki hupungua, na pamoja nao kipato cha mvuvi na cha mwenye mashua ya watalii.

Hata hivyo, hali hii si ajali isiyozuilika. Mwaka 1994, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kuwa mmomonyoko wilayani Machakos ulipungua tangu miaka ya 1930, ingawa idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Siri ilikuwa matuta, hasa yale ya fanya juu, ambayo wakulima wenyewe, wengi wao wanawake katika vikundi, waliyachimba kwa majembe.

Wapo watakaosema bwawa litamaliza tatizo. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 huko Ukambani, lina uwezo wa kunasa udongo mwingi. Lakini udongo ulionaswa hupunguza nafasi ya maji bwawani. Isitoshe, bwawa halichagui. Huzuia tope linaloua matumbawe, na pia mchanga unaolisha fuo na vilima vya pwani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa ufa uko shambani.

Mijadala kuhusu bahari yetu huwahusisha wavuvi, wenye hoteli na walinzi wa hifadhi. Ushahidi wa tumbawe hilo waonyesha kuwa kuna mtu mwingine anayefaa kualikwa: mkulima wa mlimani, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari.